Kuuza lori lililotumika Tanga bila kupunjwa

Kazi yangu ni kukagua malori na pikapu kwa niaba ya watu wanaotaka kuyanunua hapa Tanga. Mnunuzi huniita kabla hajatoa fedha, nami hulala chini ya gari, husikiliza injini, husoma kadi, kisha humwambia akate kiasi gani katika bei aliyotajiwa. Leo nawaandikia wauzaji, ili wajue ni wapi hasa fedha yao huliwa kabla hata ya maongezi ya bei kuanza.

Wauzaji wengi hudhani kwamba gari hushuka bei kwa sababu ya ubovu. Ubovu unaojulikana haushushi bei sana, kwa kuwa mnunuzi anajua thamani yake: akiambiwa klachi imekwisha, anauliza duka la vipuri, anaongeza ujira wa fundi, na kukata kiasi hicho. Kinachoiangusha bei ni shaka. Chukua mfano wa oili iliyotapakaa chini ya giaboksi. Kama muuzaji anasema hajui inatoka wapi, mnunuzi hahesabu bei ya sili iliyochoka, yaani mpira mdogo wa kuzuia oili, anahesabu bei ya giaboksi zima, na mimi niliye upande wake sina sababu ya kumzuia. Muuzaji yule yule angemwita fundi wiki moja kabla, akabadilisha sili, akaweka risiti kwenye dashibodi, suala lingekwisha hapo. Fedha kidogo uliyonayo ya kuliandaa gari kabla ya kuliuza itumike kuondoa shaka kwanza, na urembo uje baadaye kama kuna kitakachobaki.

Shaka kubwa kuliko zote iko kwenye karatasi, wala haihusiani na chuma. Swali langu la kwanza ni kama jina lililo kwenye kadi ya gari ni la mtu aliyesimama mbele yangu. Malori ya kazi yana tabia ya kuuzwa kwa mkataba tu, mtu wa pili akamuuzia wa tatu, na kadi ikabaki na jina la mmiliki wa kwanza ambaye huenda amehamia mbali au amefariki. Mnunuzi wa nne atakayekubali gari la namna hiyo atataka alipwe kwa kukubali, na malipo yake ni punguzo. Kama gari ni la marehemu, familia ianze mahakamani kupata barua ya usimamizi wa mirathi, maana hata kama watoto wote wamekubaliana, mtu asiye na barua hiyo hana mamlaka ya kutia saini. Kama gari ni la kampuni, liandaliwe azimio la wakurugenzi linaloruhusu mauzo. Kama kadi iko benki kwa sababu ya mkopo, sema hivyo mapema na uombe benki barua inayoonyesha deni lililobaki. Mkopo haumtishi mnunuzi kiasi kile kinachomtisha kuugundua mwenyewe.

Jambo la pili kwenye karatasi ni madeni ya barabarani. Faini za trafiki hutafutwa kwa namba ya usajili, na mnunuzi yeyote mwenye simu anaweza kuzitazama akiwa ameketi kibarazani kwako. Zilipe kabla hujatangaza. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, ambayo zamani ilikuwa ikijilimbikiza hadi kuwazuia watu kuuza, ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo siku hizi haina nafasi katika maongezi haya. Bima iliyo hai na leseni ya kubeba mizigo ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zina faida nyingine tofauti na ile ya kisheria: zinaonyesha kwamba gari lipo kazini sasa hivi.

Kuhusu namba ya usajili, nina neno moja. Watu wetu hununua herufi. Mtu atasema anatafuta Canter namba D au namba E, na atalipa zaidi kwa herufi iliyo mbele zaidi katika alfabeti, ingawa herufi hiyo inaeleza tu gari lilisajiliwa lini nchini na haielezi lilitengenezwa mwaka gani. Lori lililotengenezwa Japani mwaka 1996 linaweza kuwa na namba E, na lingine la mwaka 2000 likawa na namba B. Ukiwa na gari lenye herufi ya zamani lakini mwaka mzuri wa kutengenezwa, mwaka huo uandike kwenye tangazo waziwazi, kwa sababu mnunuzi hatauuliza na dalali hatausema.

Sasa injini. Ninapofika kukagua, huweka kiganja juu ya injini kabla ya kusalimiana sawasawa, na nikiikuta ina moto naahirisha ukaguzi hadi kesho yake asubuhi. Injini ya dizeli iliyochoka huwaka vizuri ikiwa moto, na wauzaji wanalijua hilo kama ninavyolijua mimi. Ukiniachia injini baridi, ikawaka kwa mara ya kwanza, umenisaidia kuandika neno zuri. Kisha nautazama moshi. Moshi mweusi unaotoka dereva akikanyaga mafuta mara nyingi ni habari ya nozeli, pampu au chujio la hewa lililoziba, na hilo lina dawa. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, na hapo ndipo bei huanza kuporomoka. Moshi mweupe usiokoma hata injini ilipopata moto hunifanya, injini ikishapoa, nifungue kifuniko cha radieta kutafuta dalili za gasketi iliyokatika. Muuzaji makini hufanya uchunguzi huu mwenyewe kwanza, na akikuta chujio la hewa limejaa vumbi la Handeni, analibadilisha kwa fedha ndogo kabla mtu mwingine hajaligeuza kuwa hoja.

Usioshe injini kwa dizeli au sabuni asubuhi ya siku ya ukaguzi. Injini inayong'aa kwenye lori lililobeba kokoto humfanya mkaguzi aulize kilichokuwa kimeganda pale kilikuwa nini. Ioshe mapema, endelea na kazi, ipate vumbi lake la kawaida, na mahali palipo pakavu pataonekana ni pakavu kweli. Kilomita za kwenye dashibodi nazo ziache kama zilivyo, kwani raba ya pedali na ngozi ya usukani huzisoma vizuri kuliko saa yenyewe.

Kuna jambo ambalo halipati uzito wake katika ushauri unaotoka bara, nalo ni kutu. Gari lililoishi Tanga limevuta hewa ya chumvi, na kama lilikuwa likibeba chumvi yenyewe kutoka kwenye mashamba ya pwani, au samaki wenye barafu, au mchanga uliochotwa karibu na bahari, chasisi yake imenyweshwa maji ya chumvi kila siku. Wanunuzi kutoka Arusha na Moshi wanalijua hilo, na wapo wanaokata bei kwa kusikia tu kwamba gari ni la pwani. Kutu huanza mahali ambapo jicho halifiki: juu ya chasisi chini ya bodi, ndani ya mikunjo inayoshikilia springi, kwenye bomba za breki, na chini ya mazulia ya kabini. Wengi wanaotaka kuuza huchukua rangi nyeusi na kupaka chasisi yote, kichwa hadi mkia. Kwangu mimi rangi hiyo mpya ni kama bandeji: sijui chini yake pana nini, lakini najua kwamba pana kitu. Nitachukua nyundo ndogo na kugonga, na pale sauti inapokuwa nzito badala ya kulia, ndipo nitakapokwangua.

Fanya kinyume chake. Osha chini ya gari kwa maji baridi ya bomba, likauke, kisha mpigie fundi wa kuchomelea akague viungo vyote. Kutu ya juu juu ikwanguliwe na kuachwa ionekane chuma chake. Mahali palipoliwa pachomelewe kwa bamba la unene unaostahili, na piga picha kabla na baada ya kazi. Nimeshamwambia mnunuzi alipe bei kamili kwa gari lenye viraka vitatu vya chasisi, kwa sababu kila kiraka kilikuwa na picha na risiti, huku gari jirani lenye chasisi iliyopakwa rangi likikatwa bila huruma. Rangi ya kabini ni suala dogo zaidi. Puti nene iliyopigwa kwa haraka hupasuka, na mkwaruzo wa kweli kwenye mlango wa lori haumkimbizi mtu anayetafuta gari la kubebea matofali.

Mnunuzi akiomba kulijaribu gari, mpe likiwa na mzigo. Lori tupu linalozunguka Chumbageni na kurudi halionyeshi kitu. Likiwa na tani zake, likaenda hadi Pongwe na kurudi, difu, yaani giya za ekseli ya nyuma, italia kama ina la kulia, propela itatikisa kama mpira wake umekwisha, na breki zitajieleza. Muuzaji anayeogopa jaribio la namna hiyo ameshajibu maswali yangu yote. Kabla ya siku hiyo hakikisha matairi yote sita yanaweza kupita mbele ya askari. Sishauri kununua seti mpya, kwa kuwa hutarudishiwa gharama yake, ila yaliyo vipara yabadilishwe hata kwa yaliyotumika.

Baada ya hapo fikiria unamuuzia nani, maana lori moja lina bei tofauti machoni pa watu tofauti. Mfanyabiashara wa mboga wa Lushoto anawaza kona za barabara ya Mombo, kwa hiyo hutazama breki, klachi na nguvu ya injini kwenye mlima, na bodi chakavu halimsumbui. Mchuuzi wa machungwa wa Muheza anataka bodi la mbao lenye ukuta mrefu na gari litakalofika sokoni bila kulala njiani. Mtu wa mchanga na kokoto ataanza na jeki ya tipa, ataiinua ikiwa na mzigo, na kuangalia kama inateremka yenyewe. Anayebeba saruji kwa ajili ya maduka ya vijijini huangalia springi, na akikuta zimeongezwa majani atajua gari limezidishiwa uzito, hasa kama anatumia barabara zenye mizani. Wengi pia hupendelea injini kongwe zisizo na umeme mwingi, kama 4D33 ya Canter, kwa sababu fundi wa Korogwe anaweza kuifungua bila kompyuta. Kama yako ni ya namna hiyo, itaje kwa jina. Msimu nao una sehemu yake: lori la machungwa huuzwa vizuri wiki chache kabla ya mavuno, wakati mchuuzi ameshapata fedha na bado hajapata gari.

Jambo ninalowasihi watu zaidi ni kuuza gari likiwa bado linafanya kazi. Likisimama miezi kadhaa chini ya mwembe, betri hufa, sili hukauka, breki hushika, matairi hupasuka ubavuni, na chumvi inaendelea na shughuli yake usiku na mchana. Gari linalotoka na mzigo kila asubuhi linajisemea lenyewe, na mwenye daftari la safari, oili na matengenezo, hata kama limeandikwa kwa mkono wa dereva, ana kitu ambacho wauzaji wachache sana wanacho.

Bei yenyewe ipange kwa kutazama magari ya aina na hali kama yako yanayouzwa hapa mkoani, na usiipange kwa kukumbuka ulilinunua kwa kiasi gani. Dari ya bei huwekwa na gari linaloagizwa kutoka Japani likiwa limelipiwa meli, ushuru na usajili. Ukikaribia dari hiyo, mnunuzi ataona heri asubiri meli. Acha nafasi ya maongezi, lakini iwe ndogo, kwa sababu anayeanza juu mno hawafukuzi wababaishaji, hufukuza wanunuzi wenye fedha. Sioni pia faida ya kulipeleka gari Dar es Salaam, kilomita zipatazo 350, kwa matumaini tu. Liende huko likiwa na mtu anayelisubiri.

Dalali ana kazi yake na anastahili malipo, ila makubaliano yaandikwe: udalali ni kiasi gani, na kama anaruhusiwa kuweka cha juu au la. Mpe mmoja. Ukiwapa watano, kila mmoja atatangaza bei yake, na mnunuzi akikuta lori lenye namba ile ile kwa bei tatu, atashika ile ya chini na kuanza kushuka kutoka hapo.

Malipo yapite benki, na fedha zithibitishwe kwenye akaunti yenyewe, kwa kuwa ujumbe wa simu hutengenezwa na yeyote. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, uwe na namba ya chasisi, namba ya injini, kilomita, kasoro zote ulizozitaja, tarehe, na saa ya makabidhiano. Saa ni muhimu, maana lori likigonga mtu jioni ile ile, polisi wataanza na jina lililo kwenye kadi. Usikubali ahadi ya kwamba mnunuzi atabadilisha umiliki akirudi safari. Nendeni TRA, mamlaka ya mapato, pamoja mkiwa na kadi halisi, namba zenu za mlipakodi (TIN) na mkataba, na gharama za uhamisho mziamue mapema ni za nani. Kisha ijulishe kampuni ya bima, na uombe nakala ya kadi yenye jina jipya kwa ajili ya faili lako.