Selimundu na ubongo wa mtoto: mishipa ya damu si mabomba tu

Wengi huamini kwamba mishipa ya damu ni mabomba tu, na kwamba mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hupata kiharusi pale chembe nyekundu zilizopinda zinapoliziba bomba. Upo ukweli kidogo hapo, lakini inasahauliwa kazi kubwa ya seli zilizotanda kwenye ukuta wa ndani wa mshipa. Katika ubongo, seli hizo zimeshikamana barabara, zikichagua kipi kitoke kwenye damu kiingie ubongoni na kipi kizuiwe. Tena hutoa gesi ya nitriki oksidi, ambayo huulegeza mshipa ukapanuka. Kwa kuwa mtoto huyu ana upungufu wa damu, mishipa yake hupanuka na kupitisha damu nyingi zaidi ili ubongo usikose oksijeni. Huo ndio ulinzi wenyewe, na hufanyika usiku na mchana bila mzazi kujua.

Ulinzi huo huchoka. Chembe za selimundu hupasuka mapema mno, na himoglobini, kibeba oksijeni kilichomo ndani yake, humwagika na kuinyonya gesi ile ile. Seli za ukuta hujeruhiwa, ukuta hunenepa kwa ndani, na njia ya damu husinyaa polepole.

Kwamba kiharusi ni cha wazee si kweli: bila kinga, takriban watoto 11 kati ya 100 wenye selimundu ya SS, yaani waliorithi jeni ya selimundu kwa wazazi wote wawili, hukipata kabla ya kufikisha miaka 20.

Dhana inayonisikitisha kuliko zote ni kwamba mtoto ambaye hajapooza, ubongo wake ni salama. Yako majeraha madogo yasiyopindisha mdomo wala kulegeza mkono. Huenda dalili pekee ikawa mtoto aliyekuwa akinakili vizuri ubaoni, ambaye sasa anaiachia sentensi katikati, naye hugombezwa kwa uvivu.

Wala si jambo la kusubiri majaliwa. Altrasaundi ya kichwa, ambayo haina sindano bali kifaa chenye jeli kinachowekwa kwenye panja, hupima kasi ya damu. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuwaongezea damu watoto wenye kasi hiyo mara kwa mara kulipunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Dawa ya haidroksiyurea nayo huishusha kasi hiyo. Kipimo huanza mtoto akiwa na miaka 2, na hurudiwa kila mwaka hadi miaka 16, hata kama anacheza na wenzake bila shida yoyote.