Thredi za plagi zikiisha, usikimbilie kununua hedi

Wiki iliyopita Jumatano asubuhi imeingia Toyota Fielder hapa kwetu Kariobangi Light Industries, Nairobi, ya dereva wa teksi ya mtandao, na kabla hata azime injini nikaskia ile sauti, tsii tsii tsii, kama sufuria ya githeri inayopumulia pembeni mwa kifuniko. Ukikanyaga mafuta inaharakisha, ukiachilia inapunguza. Nikamwambia zima kwanza. Kutoa koili ya silinda ya pili, ile inayokalia plagi na kuipa umeme, nakuta mpira wake umeungua, shimo lote masizi, na plagi yenyewe, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, nikaizungusha na vidole ikatoka. Meno yake yamekuja na vipande vya alumini vimejipinda kama maganda ya karoti. Hizo ndizo zilikuwa thredi za hedi, yaani meno ya kichwa cha injini yanayoshika plagi.

Akaniuliza, "Fundi, pale nilitoka waliniambia hedi imekufa nitafute ingine ya ex-Japan, ni ukweli?" Nikamwambia kaka, hedi haijakufa, ni shimo moja limekufa, na shimo linarudishwa. Hii maneno naiskia karibu kila mwezi na inaniuma juu mtu anauziwa hedi nzima, na gasketi, na siku tatu gari haifanyi kazi, kwa kitu cha asubuhi moja.

Plagi ni chuma, hedi ya magari mengi ya siku hizi ni alumini. Hivyo viwili vikishindana alumini ndio inaenda. Kwa hii injini ya Fielder, 1NZ, plagi ni ya milimita 14 na kila jino limepishana na lingine kwa milimita 1.25, na sehemu ya thredi ina urefu wa milimita 19, kwa hivyo unahesabu meno kama kumi na tano tu yanayoshikilia kila kitu. Sasa piga hesabu ya kile yanashikilia. Injini ya petroli ya kawaida ikibeba mzigo, moto ukiwaka ndani presha inaweza kufika kitu kama bar 50, yaani karibu kilo 50 kwa kila sentimita mraba. Mdomo wa plagi ya 14 una eneo la sentimita mraba moja na nusu. Hiyo ni kama kilo 75 zinaisukuma plagi itoke, yaani mtu mzima amesimama juu yake, na injini ikizunguka 3000 kwa dakika anairukia mara 25 kila sekunde. Marekani Ford waliwahi kuwa na V8 za Triton zenye thredi chache sana kwa hedi, na plagi zilikuwa zinaruka nje zikibeba koili.

Ndio maana nikiona mtu amezungushia plagi ile tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba, ama uzi wa waya, ama amepaka gundi ya chuma akaacha ikauke, naomba niitoe hapo hapo. Na si presha peke yake. Plagi inatoa joto lake kupitia thredi na ile ringi ya chini kwenda kwa hedi halafu kwa maji. Ukiweka tepu katikati umefunga hiyo njia, ncha inakuwa nyekundu, petroli inawaka kabla ya saa yake, na hapo sasa utanunua pistoni pia.

Zinaharibikaje? Kukaza kupita kiasi ndio ya kwanza. Toyota kwa hii injini wanataka toku, yaani nguvu ya kukaza, ya Nm 18, NGK wanaotengeneza plagi kwa jumla wanasema 25 mpaka 30 kwa plagi ya 14 yenye ringi kwenye hedi ya alumini, na hapa mtu anachukua racheti ndefu anaongeza na bomba ndio isilegee. Halafu kuna kufungua injini ikiwa moto, alumini ikiwa na joto ni laini zaidi na thredi zinaweza kutoka na plagi. Kuna ile grisi ya shaba watu wanapaka kwa meno, NGK wenyewe wanasema plagi zao zilizopakwa nikeli hazihitaji, juu inateleza na unajikuta umekaza zaidi ya kile spana inaonyesha. Na kuna plagi kupanda jino, imeingia upande, mtu anaskia ugumu badala ya kurudisha nyuma anaongeza nguvu.

Hiyo ya kupanda jino mzee aliyenifunza kazi kule Grogan alinipa dawa yake na sijawahi kuiacha. Unachukua kipande cha hosi ya petroli, unaingiza kwa kichwa cha plagi, unaishusha kwa shimo na kuizungusha na hosi. Kwanza kinyume, kama unafungua, mpaka uskie imeshuka kidogo tik, ndio sasa unafunga. Kama imeenda upande hosi inateleza yenyewe, haina nguvu ya kuharibu. Racheti ina nguvu hiyo na haikuambii.

Turudi kwa Fielder. Kama ingekuwa jino moja ama mawili ya juu yameumia, ningesafisha tu, na hapo napenda ile tapu, kifaa cha kuchonga thredi, inayoingia ikiwa imefungwa, unaitanua ikifika ndani halafu unaizungusha kutoka, inaanza na meno mazuri ya chini inarekebisha ya juu. Tapu ya kawaida ukianzia juu kwa meno yaliyopotea inaweza kuchonga njia yake mpya. Lakini hapa hakukuwa na meno ya kurekebisha. Nikaingiza kamera ya waya ya simu, nikaangalia kama kuna ufa kuelekea valvu ama kwa njia ya maji, juu ufa ukiwepo hiyo ni kutoa hedi ipelekwe kwa welda wa argon ama kweli itafutwe ingine. Hakukuwa.

Kuna njia mbili za kuweka thredi mpya. Moja ni Helicoil, ile springi ya chuma cha pua, shimo unalichonga na tapu yake mpaka karibu milimita 15.6 halafu springi inakaa ndani. Kwa nati za kawaida ni nzuri sana. Kwa plagi mimi siipendi, juu plagi inatolewa na kurudishwa, na nimeona springi ikitoka pamoja na plagi zaidi ya mara moja. Njia ya pili ni bushi nzima kama Time-Sert, kibomba kifupi cha chuma chenye meno ndani na nje, iko na bega linalokalia hedi, na meno yake ya chini yanatanuliwa na kifaa cha kuingizia yakabana kabisa kwa alumini. Ni ghali zaidi, lakini kwa plagi naweka hiyo. Bushi ya kuchongwa na fundi wa lethi nakubali pia, bora nipime meno na geji nione ni 1.25 kweli, kuna siku nimeletewa ya 1.5.

Kazi yenyewe adui ni vipande vya alumini. Nilizungusha kranki kwa mkono na spana mpaka pistoni imeshuka kuelekea chini na valvu bado zimefunga. Tapu naijaza grisi nzito kwa mifereji yake ndio ishike uchafu, nazungusha nusu raundi, narudisha, na kila baada ya raundi chache naitoa, nafuta, napaka grisi mpya. Hapo sina haraka na yeyote. Tapu lazima isimame wima, ikilala kidogo ringi ya plagi itakalia upande mmoja na presha itapita. Nikimaliza kuchonga nanyonya na vakyum yenye mpira mwembamba, ndio sasa nazungusha kranki pole pole valvu ya egzosi ifunguke, napuliza na kompresa vilivyobaki vitoke kwa egzosi. Halafu kamera tena.

Naosha thredi na dawa ya breki zikauke, naweka Loctite, ile gundi ya kufungia thredi, ya kuvumilia joto kwa nje ya bushi, naingiza. Urefu wake uko na maana kubwa. Ikitokeza ndani ya chemba ule ukingo unageuka kaa la moto. Ikiwa fupi, meno ya alumini yaliyobaki wazi yanajaa kaboni, na siku ya kutoa plagi unarudi mwanzo. Kwa plagi ya 19 weka bushi inayolingana na 19, si ile iliyo kwa rafu.

Plagi mpya, imeingia na hosi, toku 18. Nikapima kompresheni, ya pili ikatoshana na zile zingine tatu. Koili pia nikabadilisha ule mpira ulioungua, nikafuta kodi ya hitilafu P0302, ile ya silinda ya pili kukosa kuwaka vizuri, gari ikawaka na ikatulia.

Nilimwambia arudi akishatembea kilomita 500 niangalie tena. Kwa kazi yake hizo si nyingi, Jumatatu alikuwa hapa. Nikatoa koili, mpira safi vile vile, shimo kavu, hakuna masizi. Akaniomba nimwangalizie na plagi zile zingine tatu, nikazilegeza injini ikiwa baridi, na ya nne ilitoka kwa shida sana, lakini thredi zake bado ziko.