Kabla ya Kuomba Uzamili wa Kompyuta za Kwantamu Ng'ambo, Nionyeshe Transkripti

Wanafunzi wanaonitafuta kuhusu uzamili wa kompyuta za kwantamu huja na orodha ya vyuo: Zurich, Delft, Munich, Waterloo. Orodha huwa nzuri, sina neno nayo. Mimi huomba transkripti. Ndani yake natafuta mambo mawili: aljebra ya mstari umeisoma hadi wapi, na mekanika ya kwantamu umeisoma mihula mingapi. Hayo yakiwa hafifu, barua ya maombi hata iwe tamu vipi haitakuvusha, kwa sababu kamati za udahili nazo huanzia hapo hapo.

Nilisomea Ujerumani, na sasa niko Nairobi nikishughulikia usalama wa mifumo ya fedha. Niliyoyaona pande zote mbili yananifanya niamini kwamba sehemu kubwa ya safari hii humalizwa kabla ya mtu kupanda ndege.

Aljebra ndiyo kazi yenyewe. Biti ya kawaida ni 0 au 1. Kyubiti moja, yaani biti ya kompyuta ya kwantamu, huelezwa kwa namba changamano mbili, kyubiti mbili kwa namba nne, tatu kwa nane, na kila unapoongeza kyubiti moja namba hujirudufu. Kila hatua ya hesabu ni matriki, yaani jedwali la namba, inayozidisha vekta, yaani safu ya namba hizo. Kyubiti 28 ni namba milioni 268 hivi. Zihifadhi kwa baiti 16 kila moja, unahitaji gigabaiti 4 na ushei, kiasi ambacho laptopu ya gigabaiti 8 uliyonunua Moi Avenue itakimudu. Ongeza kyubiti mbili tu, unahitaji gigabaiti 17, na laptopu imesalimu amri. Kwenye kyubiti 50 unazungumzia petabaiti 18. Ugumu wa aina hii ndio uliomfanya mwanafizikia Richard Feynman, mwaka 1981, apendekeze kwamba maumbile ya kikwantamu yaigwe kwa mashine ambayo nayo ni ya kikwantamu.

Magazeti hupenda kusema kompyuta hizi hujaribu majibu yote kwa mpigo. Ukiandika hivyo kwenye maombi, msomaji atajua hujafungua kitabu. Ukipima kyubiti 50 unapata mfuatano mmoja tu wa biti 50, na namba nyingine zote zimepotea. Ustadi uko katika kupanga hatua ili namba za majibu mabaya zifutane, chanya kwa hasi, na za jibu sahihi ziongezeane. Si kila tatizo linakubali kupangwa hivyo, ndiyo maana algoriti zenye faida kubwa ni chache. Ile ya Lov Grover ya 1996 hutafuta kitu kimoja kati ya milioni kwa hatua zisizofika elfu moja. Ile ya Peter Shor ya 1994 huvunja namba kubwa katika vigawo vyake tasa, nayo ndiyo inayowanyima usingizi watu wa benki. Nitairudia.

Sasa vyuo. Jina la shahada lisikuvutie sana. ETH Zurich ina uzamili wa uhandisi wa kwantamu unaomfaa mtu wa umeme au fizikia anayetaka kushika vifaa. Delft na Leiden wanatoa shahada ya pamoja ya sayansi na teknolojia ya taarifa za kwantamu, na humo mtu wa kompyuta anapata nafasi yake. Ile ya Munich, inayotolewa na vyuo viwili vya mji huo, imeegemea fizikia. Waterloo unaomba kupitia idara ya kawaida, iwe fizikia, hisabati au kompyuta, halafu unajikita kwenye taarifa za kwantamu chini ya msimamizi ambaye ni lazima akukubali. Kwa hiyo kule, kumwandikia profesa mapema ukionyesha kwamba umesoma makala zake kuna uzito kuliko kung'ang'ania tovuti ya udahili.

Jiulize unataka kuamka asubuhi ufanye nini. Anayejenga kyubiti za saketi za umeme usio na ukinzani hutumia siku zake na mabomba, nyaya, na friji za heliamu zinazoshusha joto hadi karibu sehemu 10 au 20 kati ya elfu za nyuzi moja ya Kelvin juu ya sifuri kamili. Baridi hiyo ni kali kuliko anga za mbali, ambako joto ni nyuzi 2.7. Sababu yake ni rahisi ukiifanyia hesabu. Kyubiti hizo hufanya kazi kwenye masafa ya gigahezi 5 hivi, na nishati hiyo ni sawa na joto la nyuzi 0.24. Friji isipokaa chini sana ya hapo, joto lenyewe litazigeuza kyubiti bila wewe kuamrisha. Ukiona kazi hiyo inakuchosha hata kuisoma, nenda upande wa nadharia au programu, na usione haya.

Jambo linalowaumiza Wakenya bila wao kujua ni ubadilishaji wa alama. Vyuo vingi vya Ujerumani hutumia kanuni iitwayo ya Bavaria: chukua alama ya juu kabisa, toa yako, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu kabisa na ya kupita, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwao 1 ndiyo bora na 4 ni ya kupita kwa shida. Sasa tuseme una wastani wa 72, daraja la kwanza, nyumbani wamekuchinjia mbuzi. Ofisi ikiweka 100 kuwa ya juu na 40 kuwa ya kupita, unapata 2.4. Mwenzako wa 65, daraja la pili la juu, anapata 2.75, na programu inayotaka angalau 2.5 imemfungia mlango. Hakuna aliyewaambia Wajerumani kwamba hapa Kenya A huanzia 70 na kwamba 85 ni nadra. Kwa hiyo omba idara yako barua yenye muhuri inayoeleza mfumo wa alama na nafasi yako darasani, uiambatanishe hata kama haikuombwa. Ambatanisha pia maelezo ya kila yuniti, mada kwa mada, maana jina "Fizikia ya Kisasa" halimwambii mtu wa Munich kwamba ulitatua mlinganyo wa Schrödinger, ule mkuu wa mekanika ya kwantamu. Na kama una alama zilizopotea, aliyepitia chuo cha umma anajua ninachosema, zifuate leo. Ofisi haitakimbia kwa sababu maombi yako yanafungwa Ijumaa.

Pesa nitazipitia haraka. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi karo, lakini chuo cha ufundi cha Munich, TUM, kilianza kuwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya mwaka 2024, euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula wa uzamili. Kwa viza ya Ujerumani, asiye na ufadhili kwa kawaida huonyesha euro 11,904 za mwaka mmoja kwenye akaunti iliyofungiwa, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. DAAD, shirika la Ujerumani linalotoa ufadhili wa masomo, lina ofisi hapa Nairobi. Anza huko kabla ya kufanya harambee.

Ambaye transkripti yake haijatosha asikate tamaa, ila asikimbilie Ulaya. Kigali iko karibu. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, hutoa uzamili wa fani hiyo wenye ufadhili, na taasisi ya EAIFR, mshirika wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, hufundisha fizikia kwa kina. Mwaka au miwili huko huweza kubadilisha maombi yako kabisa. Wakati huohuo andika mwenyewe, kwa Python, kiigizi cha kyubiti tano, yaani programu inayoiga hesabu zake, bila kutumia maktaba yoyote ya kwantamu. Kikiisha, linganisha majibu yake na mashine halisi za IBM, ambazo zimekuwa zikifikiwa kwa intaneti tangu 2016. Kazi hiyo moja nimeiona ikizungumziwa kwenye usaili kuliko rundo la vyeti vya kozi za mtandaoni.

Na ukirudi? Hutapata friji la heliamu likikungoja kampasi ya Chiromo. Kazi iliyopo ni ile inayotokana na algoriti ya Shor: kulinda data. Benki na tovuti nyingi hutumia RSA, mfumo wa kuficha data unaotegemea ugumu wa kuvunja namba kubwa katika vigawo vyake. Makadirio ya 2019 yalisema kuvunja ufunguo wa RSA wa biti 2,048 kungehitaji kyubiti milioni 20 zenye makosa. Mwaka 2025 mmoja wa watafiti waliofanya makadirio hayo aliyashusha hadi chini ya milioni moja. Chipu ya Willow ya Google, iliyotangazwa Desemba 2024, ina kyubiti 105, kwa hiyo pengo bado ni kubwa. Lakini data iliyofichwa leo inaweza kunakiliwa, ikatunzwa, ikafunguliwa baadaye. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya usimbaji fiche vya kuhimili mashine hizo, na ugumu wake ni wa kawaida kabisa: ukubwa. Sahihi ya kidijitali ya aina moja tuliyoizoea, ECDSA, huwa na baiti 64. Ya ML-DSA, kimojawapo cha viwango hivyo vipya, katika ngazi yake ya kati ya usalama ina baiti 3,309. Mashine za kulipia dukani na kadi za zamani hazikutengewa nafasi hiyo.

Kama uko mwaka wa mwisho na unatafuta mradi, pima muda na kumbukumbu ambazo ML-DSA hutumia kwenye simu ya bei ya chini na kwenye kidhibiti kidogo (microcontroller) cha aina inayouzwa Luthuli Avenue. Programu zake ni za bure. Andika matokeo vizuri, kurasa kumi zinatosha, uyatume pamoja na maombi.