Mwanga Umepita Wapi? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Vifaa vya Mwanga Hospitalini na Maabara

Wakati wa Korona, kile kibanio cha kidoleni cha kukadiria oksijeni kwenye damu kilitoka wodini kikaingia mitaani. Kiliuzwa kwenye maduka ya dawa, kikaazimwa nyumba kwa nyumba, na namba yake ikawa habari ya kupigiana simu: "Mama amesoma 94." Tangu hapo mazungumzo kuhusu vifaa vinavyotumia mwanga kupima mwili hayajaisha, na kosa moja linajirudia ndani yake. Watu hudhani kifaa kinauona ugonjwa wenyewe. Hakiuoni. Kinapokea mwanga uliokwisha kupita mahali fulani, kisha kinakadiria. Ukitaka kujua kama namba au picha ni ya kuaminika, anza kwa kuuliza mwanga huo umepita wapi.

"Ikisoma 98, hewa inatosha"

Namba ile haipimi hewa iliyo mapafuni, wala haipimi wingi wa damu. Ndani ya kibanio, ambacho wahudumu hukiita oksimita, mna taa mbili ndogo: moja nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na nyingine ya infraredi, nanomita 940 hivi, ambayo jicho haliioni. Himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa imeibeba hunyonya mwanga mwekundu kidogo kuliko ikiwa haijaibeba. Kwenye infraredi mambo hugeuka. Kifaa hulinganisha mwanga uliofika upande wa pili wa kidole na kutoa asilimia.

Lakini kidole kina ngozi, nyama, mfupa na damu ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, na vyote hivyo hula mwanga. Ufumbuzi ulitoka Japani mwaka 1974, kwa mhandisi Takuo Aoyagi. Aligundua kwamba kinachobadilika kwa kila pigo la moyo ni damu ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni. Basi pima kinachopanda na kushuka, kilichotulia kiache. Ni wazo ninaloliheshimu sana, maana limeokoa watu wasiohesabika kwenye vyumba vya upasuaji.

Kwa hiyo 98 maana yake ni kwamba asilimia 98 ya himoglobini iliyopo imebeba oksijeni. Neno zito hapo ni "iliyopo". Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria anaweza kusoma 98 huku mwili wake unataabika kwa kukosa oksijeni, kwa sababu kile kidogo alichobaki nacho kimejaa. Ni sawa na daladala mbili zilizojaa abiria kwenye njia inayohitaji kumi. Zimejaa kweli, lakini watu wamebaki kituoni.

Hatari nyingine iko kwenye jiko la mkaa lililoachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi ya kaboni monoksidi hukalia himoglobini mahali pa oksijeni, na mbele ya ile taa nyekundu viwili hivyo vinafanana mno. Mtu aliyepewa sumu na gesi hiyo anaweza kusoma 98, hata 100, naye yuko mahututi. Ukimkuta mtu katika hali hiyo mtoe nje umpeleke kwenye hewa safi, mkimbize hospitali, na uwaambie kulikuwa na jiko. Usisubiri kibanio kikuruhusu.

Vidole vya baridi, mzunguko hafifu wa damu, rangi nzito ya kucha au piko nyeusi iliyofika ncha ya kidole, vyote vinaweza kuivuruga namba. Bibi harusi akilazwa ghafla, jaribu kidole kisichopakwa au ndewe ya sikio.

"Mwanga haujui rangi ya ngozi"

Mwanga unajua. Melanini, ile rangi inayoifanya ngozi yetu kuwa nyeusi, hunyonya mwanga, na vifaa vingi vilirekebishwa kwa kupimwa zaidi kwenye ngozi nyeupe. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo yaliyotikisa wengi. Walichukua wagonjwa ambao oksimita iliwasomea kati ya 92 na 96, wakalinganisha na kipimo halisi cha damu ya ateri. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 ya vipimo hivyo vilikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa weupe, asilimia 3.6. Ni karibu mara tatu. Hao ni watu walioonekana wako salama kwenye kioo kidogo, na damu yao inasema vingine.

Jambo hili linaniuma. Mwongozo wa mwaka 2013 wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ulitaka kifaa kijaribiwe kwa watu wasiopungua 10, na wenye ngozi nyeusi wasiopungua wawili hivi. Wawili! Januari 2025 mamlaka hiyo ilitoa rasimu mpya inayopendekeza watu 150 au zaidi, wa rangi mbalimbali za ngozi. Vifaa vingi vinavyofika Afrika Mashariki vimetengenezwa mbali na sisi, na swali la "kilijaribiwa kwa nani?" ni haki ya kila anayeagiza vifaa vya hospitali kuliuliza kabla ya kulipa.

Haina maana kibanio kitupwe. Kinafaa sana kuonyesha mwelekeo: jana 97, leo asubuhi 94, jioni 91. Kiangalie pamoja na mgonjwa mwenyewe. Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi? Anashindwa kumaliza sentensi? Midomo imebadilika rangi? Basi namba nzuri isikutulize.

"Hadubini inayokuza zaidi ndiyo inayoona zaidi"

Wauzaji mtandaoni wanaipenda dhana hii: "inakuza mara 2,000!" Kukuza ni kutandaza picha tu. Kinachotakiwa ni uwezo wa kutenganisha nukta mbili zilizo karibu, na huo una mpaka. Mwaka 1873 Ernst Abbe, mwanafizikia wa Jena, Ujerumani, alionyesha kwamba hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga unaotumika, yaani nanomita 200 hivi. Ukikuza zaidi ya hapo unapata ukungu mkubwa zaidi.

Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi, ndiyo maana kimelea cha malaria kilichojificha ndani yake tunakiona bila taabu. Virusi vya UKIMWI vina nanomita 100 na ushee. Anayekuambia ameviona virusi vyako kwenye hadubini ya maabara ya mtaani hasemi kweli.

Hapa pia ndipo siri ya lile tone la mafuta kwenye lensi inayokuza mara 100 ilipo. Wanafunzi wengi wa maabara hudhani ni la kulainisha. Sivyo. Mwanga ukitoka kwenye kioo cha slaidi na kuingia kwenye hewa hupinda, na miale ya pembeni hupotea njiani. Mafuta yale hupinda mwanga karibu sawa na kioo, hivyo miale hiyo huingia kwenye lensi, na miale ya pembeni ndiyo inayobeba maelezo madogo madogo. Ukiweka lensi hiyo bila mafuta, kimelea kichanga cha malaria, chenye umbo la pete, kinaweza kukupita mbele ya macho.

Mpaka wa Abbe ulikuja kuzungukwa. Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Njia mojawapo hutumia molekuli zinazong'aa: zinawashwa chache chache, kila moja inakadiriwa ilipo, kisha zinazimwa na kuwashwa nyingine, mpaka maelfu ya nukta yanajenga picha moja. Hell alitumia mwali wa pili kuzima mng'ao wa pembeni, ukabaki wa katikati tu. Abbe hakukosea, hawa walitafuta njia ya kutowasha vyote kwa pamoja.

"Hadubini ya plastiki ni mchezo wa watoto"

Hili ningependa watu wetu walijue zaidi, kwa sababu sehemu ya historia yake imeandikwa Tanzania. OpenFlexure ni hadubini ambayo mwili wake huchapwa kwa printa ya 3D, na michoro yake iko wazi kwa yeyote. Ilianzia Uingereza, lakini makala yake ya mwaka 2020 ilikuwa na waandishi Watanzania: wahandisi wa Dar es Salaam waliozitengeneza hukohuko na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara waliozitumia kupiga picha slaidi za malaria.

Plastiki hapa imechaguliwa kwa kusudi. Badala ya vyuma vinavyoteleza na kulegea kwa miaka, jukwaa la slaidi limeshikwa na miguu myembamba inayopinda kidogo na kurudi. Mota ndogo hulisogeza kwa hatua zisizofika mikromita moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Lensi yenyewe ni ya kioo, ileile ya maabara, na nyuma yake kuna kamera na kompyuta ndogo. Kipande kikivunjika, unachapa kingine siku hiyohiyo. Aliyewahi kuona hadubini nzuri ya msaada ikikaa kabatini kwa kukosa skrubu moja kutoka ng'ambo ataelewa uzito wa jambo hili.

Kuitumia kuamua dawa ya mgonjwa ni hatua nyingine. Kifaa cha tiba lazima kithibitishwe na mamlaka ya nchi, na hilo halina njia ya mkato hata kama picha ni safi.

"Leza ni mionzi kama eksirei"

Leza, iliyowashwa mara ya kwanza na Theodore Maiman mwaka 1960, ni mwanga uliopangwa. Leza nyekundu au ya kijani haina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye seli kama eksirei ifanyavyo. Hatari yake kubwa ni kuunguza, hasa macho, kwa kuwa lensi ya jicho huukusanya mwali wote kwenye nukta moja ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Zile kalamu za leza wanazochezea watoto zichukulieni kwa uzito.

"Mtoto wa jicho huchomwa kwa leza"

Wazee wengi wanaahirisha upasuaji wakisubiri "ile ya leza". Mtoto wa jicho ni lensi yenyewe ya jicho iliyopata ukungu, na tiba yake ni kuitoa na kuweka ya bandia. Hutolewa kwa mkono kupitia mkato mdogo, au huvunjwavunjwa kwa mawimbi ya sauti na kufyonzwa, njia aliyoianzisha Charles Kelman mwaka 1967. Siku hizi zipo leza zinazosaidia kukata na kulegeza, lakini lensi bado lazima itoke.

Dhana hii imetoka mahali pa kweli. Miezi au miaka baada ya upasuaji, utando uliobaki nyuma ya lensi mpya unaweza kupata ukungu, na hapo daktari hutoboa kitundu kwa leza kwa dakika chache. Jirani aliyefanyiwa hivyo husimulia kuwa "alichomwa leza akaona", na aliyesikia hajui kwamba kisu kilitangulia.

"Kompyuta ikisoma picha ya jicho, hatuhitaji mtu"

Mwaka 2018 FDA iliruhusu programu ya kwanza ya akili mnemba inayotambua madhara ya kisukari kwenye retina bila daktari kuisoma picha. Ni hatua kubwa. Lakini kompyuta husoma picha iliyopewa. Programu nyingine ya aina hiyo, ya Google, ilipopelekwa kwenye vituo 11 vya afya Thailand, kati ya picha 1,838 za miezi sita ya mwanzo, asilimia 21 zilikataliwa kwa kutofikia ubora uliotakiwa. Sababu mojawapo ilikuwa rahisi kabisa: vyumba havikuwa na giza la kutosha, mboni hazikufunguka vizuri, na mwanga haukufika nyuma ya jicho kama ilivyotakiwa. Mgonjwa wa picha iliyokataliwa aliambiwa aende kwa mtaalamu, na kwa wengine hiyo ni siku nzima ya kazi na nauli juu yake.

"Simu itatibu macho ya watoto wetu"

Kule Trans Nzoia, Kenya, jaribio lililochapishwa mwaka 2018 lilihusisha shule 50 na wanafunzi zaidi ya 20,000. Katika nusu ya shule, walimu walipima macho kwa simu yenye programu ya Peek. Nusu nyingine wakatumia njia ya kawaida. Kwenye kundi la simu, asilimia 54 ya watoto walioambiwa waende hospitali walifika. Kwenye kundi jingine ni 22.

Wengi husoma hapo wakaisifu simu kwa kuona vizuri. Mimi naangalia kilichoongezwa: wazazi walipewa picha inayoonyesha jinsi mtoto wao anavyouona ulimwengu, yenye ukungu wake, kisha wakatumiwa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha. Mzazi aliyetazama ukungu ule alijua kwa nini mwanawe anashindwa kusoma ubao. Hata hivyo, watoto 46 kati ya kila 100 hawakufika.