Kuhesabu Vijiwimbi Juu ya Leso

Katika chumba ninachofanyia kazi hapa Mji wa Kale, Mombasa, huyafunga madirisha yote ya mbao kabla ya kuwasha projekta, kwa maana jua la pwani huumeza mwanga wowote mwingine. Juma hili nimekuwa nikipima umbo la leso inayopeperushwa na feni. Kitu kilichotulia hakina ugumu mkubwa. Kitambaa kinachocheza ndicho kinachodhihirisha iwapo mtambo umeundwa sawasawa.

Msingi wa kazi hii ni pembetatu. Projekta humulika milia ya mwanga, kamera iliyowekwa kando huitazama milia hiyo ikipinda juu ya kitu, na kwa kuwa umbali na pembe baina ya vyombo hivyo viwili vimekwisha kupimwa, tunaweza kukokotoa mahali ilipo kila nukta ya kitu hicho. Milia yenyewe haina kingo kali, bali mwangaza wake hupanda na kushuka taratibu kama wimbi. Tunaimulika mara tatu, kila mara ikiwa imesogezwa thuluthi ya upana wa wimbi, kwa sababu katika kila pikseli mna mambo matatu yasiyojulikana: mwanga wa jumla, nguvu ya milia, na awamu, yaani mahali pikseli ilipo ndani ya wimbi. Awamu ndiyo tunayoitafuta.

Hesabu hiyo hudai kwamba kitu hakikusogea tangu picha ya kwanza hadi ya tatu. Pindo la leso likienda mita 1 kwa sekunde, na kamera ikipiga picha 60 kwa sekunde, litakuwa limesogea takriban milimita 33. Kwa picha 1,000 kwa sekunde, litasogea milimita 2 tu. Kuna wanaomulika mawimbi yote matatu kwa pamoja kwa rangi nyekundu, kijani na buluu, lakini njia hiyo haifai kwa leso, kwa kuwa leso nyekundu huizima milia ya kijani na ya buluu.

Makosa hujitokeza kama vijiwimbi bandia juu ya umbo, nami huvihesabu kabla ya kugusa chochote. Vikiwa viwili kwa kila mlia, kitu kimesogea. Vikiwa vitatu, mwangaza wa projekta haupandi kwa uwiano na namba inayotumwa na kompyuta. Kikiwa kimoja, mwanga wa chumba umebadilika kati ya picha na picha.

Dawa ya mwendo ni kasi. Ndani ya projekta yangu mna kipande cha vioo vidogo mno, uvumbuzi wa Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments mwaka 1987, na kila kioo kina hali mbili tu, kuwaka na kuzima. Rangi ya kijivu hupatikana kwa kukigeuzageuza mara nyingi, jambo linalokula muda. Mwaka 2009 watafiti Shuangyan Lei na Song Zhang walionyesha kwamba tunaweza kumulika milia ya nyeusi na nyeupe tupu, kisha kuirekebisha lenzi ili picha ipoteze ukali, hadi kingo zififie na kukaribia umbo la wimbi. Ninaipenda mno njia hii, kwani milia ya aina hiyo hubadilishwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa kuwa ngazi za mwangaza ni mbili tu, kosa la vijiwimbi vitatu huondoka papo hapo. Gharama yake ni kwamba leso ikikaribia sana mahali ambapo picha ya projekta ni kali, kingo hurudi, na ikienda mbali, milia hufifia mno, hasa kwenye pindo jeusi.

Baada ya mabadiliko hayo nilibakiwa na kijiwimbi kimoja kwa kila mlia. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo balbu nyingi humeta mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua, na balbu ya ukumbini ilikuwa ikipenya chini ya mlango. Nilipoizima, mji wa leso, yaani sehemu yake ya kati, ulitokea safi, mikunjo yake yote ikisomeka. Kwenye ncha za pindo, feni ikiwa kwenye kasi ya mwisho, vijiwimbi viwili viwili bado vinaonekana, na kesho nitaongeza idadi ya picha kwa sekunde.