Jicho limetolewa, mpira wa nini tena?

Mpira mdogo wa duara unaowekwa ndani ya tundu la jicho lililotolewa una kazi gani?
Kujaza nafasi. Jicho la mtu mzima lina ujazo wa karibu mililita 7. Likitoka na pasiwekwe kitu, kope huzama na jicho la bandia halikai. Misuli hushonewa juu ya mpira, ndiyo maana jicho la bandia nalo husogea kidogo.

Wa bei nafuu hautaoza?
Hauozi. Ni akriliki, jamii ya plastiki ya meno ya bandia. Hata lenzi ya kwanza kuwekwa ndani ya jicho kutibu mtoto wa jicho, mwaka 1949, ilikuwa ya akriliki. Ipo mipira yenye vitundu, mingine ya matumbawe, ambayo mishipa ya damu huota ndani yake. Ni mizuri, na ni ghali mno. Wapo wanaoahirisha upasuaji wakiisubiri, nami siwaelewi. Wa akriliki ukishonewa vizuri unatosha. Wengine, badala ya mpira, hupandikizwa ngozi na mafuta ya tako lao wenyewe, na hayo hayauzwi dukani.

Kigamba cha plastiki nilichowekewa nyuma ya kope baada ya upasuaji kilinisumbua, nikakitoa. Kuna ubaya?
Upo, tena mkubwa. Si takataka ya upasuaji ile! Kinashikilia nafasi hadi uvalishwe jicho la bandia, kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 8. Kikitoka, kioshe, urudi nacho leo. Si baada ya mavuno. Leo.

Kidonda kimekauka, sisikii maumivu. Si nije nikipata hela?
Hapana. Kukauka si kumaliza. Tundu tupu husinyaa kimyakimya, na kulipanua ni upasuaji mwingine, pengine wa kuchuna ngozi laini ya ndani ya mdomo. Hapo utalipa zaidi ya bei ya mpira. Miwani meusi inaficha tu. Na pamba, jamani, msijaze pamba!

Mwanangu ana miaka 2. Asubiri akue?
Huyo ndiye asiyesubiri kabisa. Mifupa ya tundu hukua kwa kusukumwa na kilichomo. Likiwa tupu, uso hukua upande. Jicho la bandia atabadilishiwa kadiri anavyokua. Kama lilitolewa kwa saratani, kliniki ya kuangalia jicho lililobaki usiikose hata mara moja.

Naona ute, na kitu cheupe kinachungulia.
Huenda ni mpira unatokeza. Njoo leo hii. Usidondoshee maziwa ya mama wala maji ya majani.