Utawala wa mchanganyiko si nusu mkate

Taja utawala wa mchanganyiko kwenye mabenchi ya bustani ya Jeevanjee, Nairobi, na mtu atakukatiza: "Aah, ile ya Kibaki na Raila!" Siyo. Mkataba wao wa Februari 2008, ulioleta ile "serikali ya nusu mkate", uligawa vyeo serikalini kati ya pande mbili zilizozozania kura. Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 2 KK anayehusishwa sana na wazo hili, hakuwa akifikiria vyama. Alichokisifu Roma ni tawala tatu kukaa pamoja: wa mmoja kwa makonsuli (viongozi wakuu wa dola; walikuwa wawili, ila vitani mamlaka yao yalifanana na ya mfalme), wa wachache kwa Seneti, wa wengi kwa mabaraza ya raia. Kila mmoja ukiachwa peke yake, alisema, huoza: mfalme huwa dhalimu, waungwana huwa genge la walafi, umma huwa vurugu.

Waliosoma kidogo wana kosa lao: eti hii ndiyo mihimili mitatu ya Katiba ya Kenya ya 2010. Kosa hili lina udhuru, kwani mawazo haya mawili yana undugu. Ila mgawanyo wa madaraka, alivyoueleza mwanafalsafa Mfaransa Montesquieu mwaka 1748, huangalia kazi: nani atunge sheria, nani atekeleze, nani ahukumu. Utawala wa mchanganyiko huangalia watu: wakuu, matajiri na makabwela, kila kundi lishike kipande cha mamlaka cha kulizuia jingine. Seneti yetu isikudanganye. Maseneta 47 wa kaunti huomba kura kama wabunge, ilhali wa Roma kwa kawaida walikaa maisha yao yote. Ukitaka "wachache" wa Nairobi, nenda City Hall Way, kwa majaji saba wa Mahakama ya Juu wasiopigiwa kura na yeyote. Septemba 1, 2017 mahakama hiyo ilibatilisha uchaguzi wa rais. Hapo Polybius angetikisa kichwa kukubali, japo majaji si tabaka la makabaila, na mimi nisingeusukuma mfanano huo mbali zaidi.

Kuna pia wanaodhani lengo ni watu kusalimiana na kutulia. Machiavelli, mwandishi wa siasa wa Italia, alikataa kabisa: kwake, ugomvi wa makabwela na Seneti ndio uliozaa uhuru wa Roma.

Wala si dawa ya milele. Polybius mwenyewe alitarajia hata dola iliyochanganywa vizuri ichakae, na dalili alizitaja: anasa, na uroho wa vyeo.